Walipofungwa Nikiwa Juu ya Bati

Kuna timu moja siipendi. Sitaitaja jina, maana nikiitaja nusu ya wasomaji watafunga kitabu na nusu nyingine watanipigia makofi, na sitaki yote mawili. Kila mtu hapa nchini ana timu yake ya kuchukia, hata yule anayesema mpira haumhusu. Basi na aiweke hiyo yake kila nitakaposema "wale". Wale wangu wana fedha, wana basi refu lenye mapazia, na wana mashabiki ambao wakishinda hawakuachii hata unywe chai kwa raha. Nimewachukia tangu nikiwa darasa la nne na sikumbuki walinikosea nini.

Ninayo pia timu ninayoipenda. Hiyo ikishinda nalala vizuri, basi. Lakini wale wakifungwa, tena wakifungwa na timu ndogo ya mikoani iliyokuja kwa gari la kukodi, kuna kitu kinanipanda kuanzia kwenye nyayo. Nacheka peke yangu. Natoka nje kutafuta mtu wa kumwambia, na nikimkosa namwambia mbuzi. Nina mvi kidevuni sasa na bado sijaelewa furaha hiyo inatoka wapi, wala kwa nini ni kubwa kuliko ile ya kushinda mwenyewe. Naandika haya kwa sababu furaha hiyo ilikaribia kuniachisha mke, na mpaka leo sina hakika kama si hiyo hiyo iliyomrudisha.

Mimi ni fundi wa madishi. Nakaa Misima, kando ya barabara inayotoka Handeni kwenda Korogwe, na kazi inanifikisha mpaka Kabuku, huko kwenye maduka ya barabara kuu. Wateja wangu huniita siku mbili kabla ya mechi kubwa, na wengi wao, kwa bahati mbaya, ni mashabiki wa wale. Nawatengenezea vizuri kabisa. Sijawahi kuharibu dishi la mtu kwa makusudi, ingawa kuwaza nimewaza.

Mke wangu nilimtoa Ngombezi, kando ya Korogwe. Baba yake, Msambaa wa watu, alimaliza nguvu zake zote kwenye kiwanda cha mkonge na akastaafu na nyumba yake jirani na kambi za wafanyakazi. Nilipokwenda kuposa tuliulizana mengi. Tuliuliza dini, tukauliza ukoo, tukauliza kama kuna ugonjwa unaotembea kwenye familia. Timu hatukuuliza. Siku ya harusi ndipo nilipoona baba mkwe amefunga kitambaa cha wale shingoni juu ya kanzu, nikajua nimeingia, na kutoka haiwezekani tena.

Sasa nije kwenye siku yenyewe. Ilikuwa Alhamisi asubuhi. Nilikuwa uani nimekaa kwenye kigoda, king'amuzi cha mteja nimekifungua mapajani. Mke wangu alirudi kutoka zahanati, akasimama mbele yangu bila kuvua viatu.

"Nina mimba," akasema.

"Alhamdulillahi," nikasema, nikaendelea kukaza skrubu.

"Umenisikia?"

"Nimekusikia, mke wangu. Alhamdulillahi."

Akaingia ndani. Sikufanya dharau, na neno lile nililisema kwa moyo wote. Hiyo ilikuwa mimba ya pili. Ya kwanza ilitoka ikiwa na miezi minne, mwaka wa kwanza wa ndoa yetu, na baada ya hapo hatukuizungumza tena. Nilikaza skrubu zote nne, nikazifungua, nikazikaza tena. Nakumbuka hilo kwa sababu hakukuwa na haja ya kuzifungua.

Jumamosi, wale wakafungwa tatu bila.

Hapo sina cha kujitetea. Goli la tatu lilipoingia nilitoka nyumbani bila shati, nikakimbia mpaka kwenye lami, nikapiga magoti katikati ya barabara nikiwa nimenyanyua mikono. Lori la machungwa likasimama likanipigia honi, na dereva alipoelewa ni nini akashuka tukakumbatiana. Nikamkumbatia na jirani yangu ambaye tulikuwa hatusalimiani kwa sababu ya mpaka wa shamba. Tukaimba. Niliporudi nyumbani sauti ilikuwa imekauka na goti linavuja damu, na nilikuwa bado nacheka.

Mke wangu alikuwa amekaa kitandani na begi lake liko miguuni.

"Nilidhani wewe ni mtu usiyejua kufurahi," akasema. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonitisha. "Nikajisemea ndivyo ulivyoumbwa, nivumilie. Kumbe unajua."

"Mpira tu ule."

"Ndiyo. Mpira tu. Nilipokwambia nina mimba hukuinua hata macho. Leo watu wasiokujua wamefungwa na watu wasiokujua, umepiga magoti barabarani."

Kawaida mimi sikosi jibu, mdomo wangu unajulikana mpaka mnadani. Siku hiyo nilisimama mlangoni kifua wazi, na kila nililotaka kusema niliona ni la kijinga kabla halijatoka. Asubuhi akapanda gari la Korogwe.

Nilidhani atakaa siku mbili. Wiki ikaisha, ikaja nyingine. Nikimpigia simu ananisalimia vizuri, kisha anampa simu mama yake. Huo ni ukatili wa aina yake, kwa sababu mama mkwe na mimi tunaheshimiana sana na hatuna la kuzungumza. "Haya, baba," anasema. "Haya, mama," nasema. Tunasikilizana tukipumua, kisha simu inakatika bila kujulikana nani amekata.

Nikawa nakwenda kazini kama kawaida na kichwa kimevurugika. Nilijiuliza swali moja kila siku na kila siku nikapata jibu tofauti. Je, kweli nimefurahi kwa wale kuliko kwa mtoto wangu? Nikisema hapana, magoti yangu yananisuta, kovu lilikuwa bado bichi. Nikisema ndiyo, najiona ni mtu wa ajabu. Siku moja pale Kabuku nilifunga dishi likiangalia kaskazini. Mteja akaniuliza kama satelaiti imehamishwa.

Mwishowe nikaenda kwa mjomba wangu, aliyekuwa mshenga wangu wakati wa kuoa. Yeye ni mzee wa taratibu. Mpira hajui kabisa. Aliwahi kuniuliza kwa nini wasipewe kila mmoja mpira wake.

"Huendi peke yako," akasema. "Mwanaume akienda kumfuata mke peke yake anaonekana amekwenda kugombana. Tunakwenda wawili, tunabeba sukari na majani ya chai, na kanga ya mama mkwe wako. Ukifika, mdomo wako unaufunga. Nitasema mimi."

Akampigia baba mkwe simu mbele yangu. Nilisikia ile sauti nzito ikisema, "Njooni Jumamosi, saa tisa." Mjomba akashukuru sana. Mimi ndiye niliyehesabu vidole na kugundua kwamba Jumamosi hiyo, saa kumi, wale wanacheza.

Sikujua kama ni mtego au ni bahati tu. Nikawaza yote mawili mpaka nikachoka. Lakini jambo moja lilikuwa wazi, na lilikuwa chungu. Wale wakishinda, baba mkwe atakuwa na moyo laini, nami nitapewa mke wangu. Wakifungwa, atakuwa na uso wa shubiri, na mimi na mjomba wangu na kanga yake tutaonyeshwa njia. Kwa hiyo ilinipasa, kwa mara ya kwanza maishani, niwaombee wale washinde. Nilijaribu. Ijumaa baada ya swala nilinyanyua mikono, nikaanza vizuri na wazazi na wagonjwa, na nilipofika hapo nikakwama. Nikasema, "Yarabi, Wewe unajua," nikajipangusa uso.

Tulifika Ngombezi saa tisa kasoro. Baba mkwe alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha mbao, kikoi chini, jezi ya wale juu.

"Shikamoo, baba," nikasema.

"Marahaba," akasema, akiangalia tivii ambayo ilikuwa bado inaonyesha matangazo.

Mama mkwe alitusalimia kutokea mlangoni, nami nikaangalia sakafu kama inavyopasa. Mke wangu akaleta chai. Tumbo halikuonekana bado. Alimpa mjomba shikamoo yake ya heshima, kisha akanigeukia.

"Karibu," akasema, kama unavyomkaribisha mtu aliyekuja kusoma mita ya umeme.

Mjomba akasafisha koo. "Mzee mwenzangu, kijana wetu amekosa, na sisi wazee wake tumekuja..."

Baba mkwe akanyanyua mkono. "Shauri la binti yangu silisikilizi nusu nusu. Mpira ukiisha tutazungumza. Mkinikuta nina moyo mzuri, itakuwa heri yenu."

Mjomba akanigeukia kwa macho ya kuuliza ni mpira gani. Ndipo alipoelewa, na chai ikampalia.

Kipindi cha kwanza sitaki kukikumbuka. Wale walikuwa wanacheza na timu ndogo kabisa, iliyopanda daraja msimu ule, na walikuwa wanaiminya golini kwake kama nguo inakamuliwa. Kila walipokaribia mdomo wangu ulisema kimyakimya, "Ingia, ingia." Na kila mdomo uliposema hivyo mguu wangu wa kulia ulijivuta chini ya kochi kwenda kuuondoa ule mpira kwenye mstari. Nilikuwa napiga na kuokoa mimi mwenyewe. Baba mkwe alinitazama mara mbili. Mapumziko yalifika bila goli, na mgongo wangu umelowa jasho.

Kipindi cha pili upepo ulianza. Picha ikaganda, ikakatika vipande, ikarudi, kisha tivii ikawa ya bluu tupu. Baba mkwe akaangalia tivii, akanigeukia.

"Mkwe," akasema. Hilo lilikuwa neno la kwanza kuniita tangu nifike.

Nilikwisha simama, mkono uko mfukoni kwenye spana. Mjomba akanishika shati.

"Hapana," akasema. "Mkwe hapandi juu ya nyumba ya wakwe zake. Chini ya bati lile kuna chumba cha mama mkwe wake. Atamkanyaga vipi mama mkwe?"

Mila hiyo sijawahi kuisikia kwa mtu mwingine, si Uziguani si Usambaani. Sijui kama ni ya kweli au mjomba aliogopa nitaanguka tukakosa mke na mguu kwa pamoja. Baba mkwe aliifikiria kwa sekunde tatu.

"Mama mkwe wake yupo jikoni," akasema. "Chumbani hakuna mtu. Apande." Kisha akaita binti yake, asimame nje, awe ananipa taarifa picha ikirudi.

Ngazi ilikuwa ya miti, imefungwa kwa kamba za mkonge. Nilipanda. Juu kule niliona kambi zote za wafanyakazi, mistari ya mkonge ikielekea milimani, na katani nyeupe zimeanikwa kwenye nyaya karibu na kiwanda. Dishi lilikuwa limesukumwa na upepo, kazi ndogo. Nikalegeza bolti, nikaanza kulisogeza kidogo kidogo.

"Bado," mke wangu akasema kutoka chini.

Nikasogeza.

"Bado."

Sauti yake ilikuwa kavu, ya kikazi. Lakini ilikuwa sauti yake, na ilikuwa inasema na mimi, si na simu inayokwenda kwa mama. Nakiri kwamba nililipitisha dishi mahali pake mara mbili ili aendelee kusema.

"Hapo. Imerudi."

Basi ningeshuka. Lakini fundi hashuki bila kukaza, na nilikuwa na bolti tatu. Nilikuwa kwenye ya mwisho. Sasa, kuna jambo ambalo sisi wa kazi hii tunalijua na wateja wetu wengi hawalijui. Redio hutangulia dishi. Picha inapanda mbinguni kwanza, inashuka, inapita kwenye king'amuzi, na wakati huo mtangazaji wa redio amekwisha maliza kupiga kelele. Nyumba ya jirani ilikuwa na redio dirishani. Niliisikia ikisema kwamba wale wamepoteza mpira katikati, kwamba kijana mmoja wa ile timu ndogo ameuchukua, anakwenda, anakwenda, amebaki na kipa. Kisha mtangazaji akapasuka.

Kwa pumzi kadhaa, katika nyumba ile nzima, mimi peke yangu ndiye niliyejua.

Sikuamua. Ningependa ieleweke hivyo, ingawa najua haieleweki. Sikuwaza mke, sikuwaza mjomba, sikuwaza kwamba hilo goli ndilo linaloninyang'anya kila nilichokuja kuomba. Miguu ilianza yenyewe. Nikaruka juu, nikashuka, nikaruka tena, nikageuka, nikapiga visigino. Bati zilikuwa za zamani na nyumba haikuwa na dari. Kelele yake ilikuwa kama mtu amemwaga lori la mawe juu ya paa. Katika kugeuka kisigino changu kilikutana na mguu wa dishi, na dishi likageuka likatazama kambi.

Ndipo nilipokumbuka niko wapi. Nikasimama mikono bado iko juu.

Kisha sauti ya mjomba, nyembamba, ikasema, "Yarabi." Kisha baba mkwe, "Picha imekatika!" Halafu kutoka kambini zikaja shangwe, filimbi, masufuria yanagongwa, maana hata huko wamejaa watu wasiowapenda wale. Na baada ya shangwe hizo nikamsikia baba mkwe akisema polepole, kama mtu anayesoma barua:

"Tumefungwa. Sijaona goli. Nimesikia bati."

"Kijana, shuka!" mjomba akaita. "Shuka twende nyumbani."

"Asishuke!" baba mkwe akanguruma. "Atengeneze kwanza. Kisha nitajua la kumfanya."

Nilisogea ukingoni, nikachungulia. Mke wangu alikuwa amesimama chini ya ngazi, kiganja kimeziba mdomo, mabega yanatikisika. Sikuweza kujua kama analia au anacheka. Nilimwangalia kwa muda mrefu na bado sikujua.

"Wamefungwa?" akauliza.

"Wamefungwa."

"Na umefurahi."

Hapo nilikuwa na nafasi ya kudanganya. Ningesema nimeteleza. Ningesema nyuki. Lakini bati lilikuwa limekwisha sema.

"Nimefurahi," nikasema. Nikaiona kichwani ile kanga kwenye mfuko, na safari ya kurudi Misima na mjomba ananinunia njia nzima.

Akatoa mkono mdomoni. Alikuwa analia. Alisogea karibu na ukuta ili wa ndani wasimsikie.

"Niambie basi," akasema. "Wana nini hao? Wana nini ambacho mtoto wangu hana?"

Wiki zote zile nilikuwa najitayarishia majibu ya maneno mengi, ya kuomba radhi, ya kumsifu. Sikulipata hata moja. Nilichosema kilitoka chenyewe, kama ile miguu.

"Wakishafungwa, wamefungwa."

"Nini?"

"Wakifungwa leo, kesho hakuna mtu atakayekuja kuniambia hawakufungwa. Imekwisha. Nafurahi na hakuna wa kunipokonya."

Nilikaa chini, juu ya bati. Nikamwambia jambo ambalo sikuwahi kumwambia. Ile mimba ya kwanza niliitangaza. Niliwaambia watu wa Misima wote, nikawaambia wateja Handeni mjini, nikafika nayo mpaka Kabuku. Nilichana mbao za kitanda cha mtoto. Ilipotoka, nilipita kwa mmoja mmoja kuwaambia tena, na kila mmoja akanipa pole, na kila pole ilikuwa kama nimeambiwa upya. Mwenye duka mmoja kule Kabuku sikumkuta siku hiyo. Nilipoonana naye miezi mingi baadaye akaniuliza, anaendeleaje mtoto. Nikamwambia hajambo. Mwaka uliofuata akaniuliza kama anatembea.

"Ukamwambiaje?" mke wangu akauliza.

"Nikamwambia anatembea."

Alishika ukuta. Nikaona nimefanya kosa jingine, nimemwongezea mzigo mwanamke mwenye mimba, na niko juu ya nyumba ya baba yake nikiwa na spana mkononi.

"Hukuniambia," akasema.

"Sikujua kama ni hilo. Hata sasa sijui vizuri. Ukiniuliza kesho labda nitasema jingine. Siku ile uliponiambia, nilijisemea nikifurahi kwa sauti itasikika. Sijui isikike na nani."

"Vipi huko?" baba mkwe akaita kutoka ndani. "Bado!"

"Anasema bado," mke wangu akasema, akijipangusa kwa ncha ya mtandio. Sauti ilikuwa imebadilika, si ile ya kikazi.

Nikainuka, nikaligeuza dishi kutoka kambini, nikaanza kulitafutia mahali pake. Kazi ambayo naifanya nimefumba macho ikawa ngumu kama naanza kujifunza.

"Bado," akasema. "Na mimi naogopa. Umedhani mimi siogopi? Naogopa na nafurahi, vyote peke yangu, na nimechoka. Bado."

"Nimekusikia."

"Usiseme alhamdulillahi."

"Sisemi."

Akarudi nyuma hatua mbili, mpaka nikamwona mzima, kuanzia kandambili mpaka mtandio. Akaninyanyulia uso.

"Nakwambia upya," akasema. "Nina mimba. Inaingia mwezi wa nne."

Mwezi wa nne. Wote wawili tulijua ni mwezi gani huo. Miguu ile ile iliyocheza bila kuniuliza, sasa niliiomba na haikutaka. Nilisimama na dishi mkononi nikimwangalia, naye ananiangalia, na ndani mjomba alikuwa anamweleza baba mkwe kwamba tangu mwanzo alisema mkwe asipande.

Nikanyanyua kisigino. Nikapiga bati mara moja. Lilitoa sauti kubwa kuliko nilivyotegemea, ikaenda mpaka kambini ikarudi. Nikaogopa, nikapiga tena. Kisha nikapiga kwa miguu yote miwili, ovyo, bila mpango, machozi yananitoka, na bolti niliyokuwa sijaikaza ikabingirika mpaka ukingoni ikaanguka.

Ndani kiti cha mbao kilisukumwa kwa nguvu.

"Wametufunga tena?" baba mkwe akauliza kwa sauti ya mtu aliyekata tamaa. "La pili hilo?"

Mke wangu aliiokota ile bolti miguuni pake, akaishika kiganjani.

"Hapana, baba," akasema. "Hilo ni letu."